Majengo Yanayoitika Jua: Nani Atayatia Mafuta?



Siku hizi haupiti mwezi bila ya picha fulani kuzunguka baina ya jamaa zetu, kutoka Maskati hadi London na Toronto: jengo refu la vioo lililovikwa maua ya kitambaa, na maua hayo yanafumba na kufumbua kwa kulifuata jua, wala hakuna mtu anayeyagusa. Chini ya picha huandikwa maneno ya kusifu, na mara nyingi huongezwa kwamba huu ndio mustakabali wa ujenzi katika nchi za joto, na kwamba Waarabu wameirudia mashrabia yao kwa njia ya kompyuta. Sisi tuliosomea uhandisi, na tunaoishi katika pwani hii ya Ashkhara ambako jua, chumvi na mchanga havipumziki, tumeona si vibaya kuyatazama majengo haya kwa jicho la uhakiki, kama watu wanavyohakiki kitabu au mchezo wa kuigiza. Jengo nalo ni kazi ya fikra, na linastahiki kusemwa kwa uzuri wake na kwa upungufu wake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tutayaita majengo yanayoitika. Ndani yake mna vitu vitatu. Kuna vihisi, yaani vidude vinavyopima joto, mwanga, unyevu au kasi ya upepo. Kuna kompyuta, kubwa au ndogo, inayopokea vipimo hivyo na kuamua. Na kuna mota, inayosukuma, kuvuta au kuzungusha kipande cha jengo: pazia, kibao, dari. Jua linaita, jengo linaitika. Zamani kazi hii ilihitaji mitambo ya gharama kubwa. Tangu kadi ndogo ya Arduino ianze kutengenezwa huko Ivrea, Italia, mwaka 2005, mwanafunzi wa skuli anaweza kwa fedha chache kuunda kijumba cha karatasi ngumu kinachofungua dirisha lake joto likizidi. Hilo ni jambo la kufurahisha, na tungependa kila skuli ya Sur, Ibra na Nizwa iwe nalo.

Lakini kuitika kwenyewe si jambo jipya. Wazee wa pwani hii walikaa katika nyumba za makuti ya mtende, arish, ambazo kuta zake zilizuia jua na kupitisha upepo. Zikichakaa, zilisukwa nyingine. Huko Dakhiliyah, katika ngome ya Jabrin aliyoijenga Imam Bil'arab bin Sultan Al-Yaarubi katika karne ya 17, mna ukumbi unaoitwa Ukumbi wa Jua na Mwezi. Una madirisha 14, saba chini na saba juu. Hewa ya baridi huingia kwa madirisha ya chini, na ile iliyopata joto hupanda na kutokea ya juu. Hakuna kinachojongea ila hewa yenyewe na mkono wa anayefungua bao la dirisha. Na waliolelewa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanayakumbuka madirisha ya mbao yenye vibao vya kulazwa na kusimamishwa. Mama mwenye nyumba alijua jua linafika ukuta gani saa ngapi, na kabla halijafika vibao vimeshalala. Yeye ndiye aliyekuwa kihisi, yeye ndiye kompyuta, na yeye ndiye mota.

Kwa hiyo jipya katika majengo ya leo ni kwamba kazi ya kuitika imeondolewa mkononi mwa anayekaa ndani ikapewa mashine, na pamoja nayo imeondoka elimu ya kuijua nyumba. Hilo linaweza kuwa jema na linaweza kuwa baya. Ili tusihukumu kwa maneno matupu, na tutazame kazi tatu ambazo wasomaji wengi wameziona kwa macho yao, au wanaweza kwenda kuziona.

Ya kwanza iko Paris. Ni jengo la Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu, lililofunguliwa mwaka 1987, ambalo msanifu wake anayejulikana zaidi ni Jean Nouvel. Uso wake wa kusini una mapande 240 ya chuma na kioo, na ndani ya kila pande mna matundu ya ukubwa mbalimbali yanayojifumba na kujifumbua kama jicho la kamera, kwa amri ya vihisi vya mwanga. Kwa mbali unaona mapambo ya Kiarabu. Ukikaribia unaona saa kubwa iliyofunguliwa tumbo. Ndani, mwanga unaoanguka sakafuni ni mzuri mno, na jengo lilistahiki Tunzo ya Aga Khan ya Usanifu lililoipata mwaka 1989.

Lakini wengi waliokwenda kulitazama katika miaka iliyofuata walirudi na habari moja: matundu mengi hayajongei. Visehemu vidogo vilikuwa vingi, kila kimoja kimeshikana na mwenzake, na kimoja kikigoma huwazuia wenziwe. Ilipofika mwaka 2017, taasisi ilipotimiza miaka 30, ndipo uso ule ulipofanyiwa matengenezo makubwa ukaanza kujongea tena. Na hapa pana jambo la kuzingatia. Katika miaka yote ya kukwama, jengo halikufa. Watu waliingia, walisoma, walitazama maonyesho, na mwanga uliendelea kuwa mzuri. Maana yake ni kwamba kilicholifanya jengo lile liwe zuri ni umbo la matundu, na kujongea kulikuwa ziada. Hiyo ni sifa kwa msanifu, lakini pia ni shutuma kwa mitambo yake.

Ya pili iko kwa jirani zetu Abu Dhabi, nayo ndiyo hiyo inayozunguka katika picha: minara miwili ya Al Bahr, iliyokamilika mwaka 2012, kila mmoja una urefu wa karibu mita 145. Wasanifu ni kampuni ya Aedas na wahandisi ni Arup. Mbele ya kioo, kwa umbali wa mita mbili hivi, imesimamishwa ngozi ya pili yenye maua zaidi ya 1,000 kwa kila mnara, ya kitambaa cha faibaglasi kilichopakwa kitu kisichoshika uchafu kwa urahisi. Kila ua lina mkono wake wa mota unaolisukuma likunjuke au ulivute likunjike kama mwavuli. Upande wa kaskazini hauna maua, kwa sababu jua haliupati sana. Wasanifu walikadiria kwamba joto la jua linaloingia lingepungua kwa nusu au zaidi, na kwamba kwa ajili hiyo waliweza kutumia kioo kisichotiwa giza sana.

Tuanze na sifa zake, maana anayekosoa bila ya kusifu panapostahiki huyo ni hasidi. Sifa ya kwanza ni kwamba jengo hili halina papara. Maua yake yanakwenda kwa ratiba iliyokwisha hesabiwa, kwa kuwa mwendo wa jua unajulikana kwa kila siku ya mwaka. Vihisi vya upepo na mwanga vipo kwa ajili ya siku zisizo za kawaida. Kila ua hufunguka na kufungika mara moja kwa siku. Huo ni uhandisi wenye busara. Kitu kinachojulikana kwa hesabu hakina haja ya kuhisiwa, na manahodha wa Sur walilijua hilo walipokwenda kwa nyota na kalenda. Sifa ya pili ni kwamba kila ua linajitegemea. Moja likigoma, jirani yake anaendelea. Somo la Paris limesikika.

Sasa upungufu. Jengo lenyewe, chini ya maua, ni mnara wa kioo uliosimamishwa jangwani. Ni mfano wa mtu aliyevaa koti la sufi mchana wa Juni, kisha akaajiri watu elfu mbili wa kumshikia miavuli. Tunawasifu washika miavuli kwa ustadi wao, na hapana anayeuliza kwa nini asivue koti. Laiti kuta zingekuwa nene na madirisha yakawekwa ndani ya kuta hizo, sehemu kubwa ya kazi ya mota ingefanywa na kivuli cha jengo lenyewe, bure, usiku na mchana, miaka mia.

Tena kuna hilo jina la mashrabia. Mashrabia ya kweli haikuwa chujio la jua peke yake. Jina lake linatokana na kunywa, kwa sababu mitungi ya maji iliwekwa pale ipate upepo na maji yapoe. Ilikuwa sitara: aliye ndani anaona njia, naye haonekani. Ilikuwa mahali pa kukaa, kuzungumza, kuagizia kitu kwa mchuuzi aliye chini. Katika minara ile anayekaa ndani ni karani aliye nyuma ya kioo. Ua linapofunga au kufungua mbele ya meza yake yeye hana kauli. Kilichochukuliwa kwa mababu ni sura, na kilichoachwa ni mtu. Hatusemi kwamba ni kosa kutumia jina, lakini msomaji asidanganyike kwamba amerudishiwa kitu kilichopotea.

Na kuna hesabu ambayo haimo katika picha. Maua yote pamoja ni zaidi ya 2,000. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mota ni nzuri sana na kila moja huharibika mara moja katika miaka 10. Basi kwa wastani mota zaidi ya 200 zitaharibika kila mwaka, yaani kiasi cha nne kila wiki, na kila moja inamtaka fundi aliyefungwa kamba nje ya jengo refu, katika joto linalounguza vidole. Hilo si dosari ya kampuni yoyote. Ndiyo hesabu ya vitu vingi vinavyojongea. Mji tajiri wenye mafundi na bajeti ya kudumu unaweza kuibeba. Tatizo linaanza pale picha inaposafiri kwenda kwenye mji mwingine na hesabu ikabaki nyuma.

Ya tatu ni ile ambayo wasomaji wengi wamekaa chini yake bila ya kuifikiria kuwa ni usanifu: miavuli ya Msikiti wa Mtume, Madina. Miavuli 12 ya mwanzo katika nyua za ndani, na makuba 27 yanayoteleza juu ya reli, yalitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya usanifu wa Mjerumani Bodo Rasch. Kiasi cha miaka 20 baadaye ikaongezwa miavuli 250 katika uwanja wa nje, kila mmoja una upana wa mita 25 hivi kwa kila upande. Asubuhi inakunjuliwa, jioni inakunjwa, na joto lililohifadhiwa na sakafu linapata njia ya kupanda kwenye anga tupu.

Tunaona hii ndiyo bora katika tatu, na sababu zetu ni za kihandisi. Kwanza, panafunikwa watu, na watu waliokaa uwanjani hawana njia nyingine ya kupata kivuli mchana na mbingu usiku mahali palepale. Hapo kujongea ni lazima, si pambo. Pili, mwendo ni mchache na mkubwa: vitu 250 badala ya elfu mbili, kila kimoja kizito na kimesimama chini, fundi anakifikia kwa miguu yake. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mahali pale hapakosi wasimamizi. Hautafika mwaka ambao miavuli ya Madina itakosa mtu wa kuitia mafuta.

Hapo ndipo tunapotaka kumfikisha msomaji. Jengo linaloitika halipimwi siku ya kukatwa utepe. Siku hiyo kila mota inazunguka. Lipime mwaka wa kumi. Na swali la mwaka wa kumi si la kompyuta wala la vihisi, ambavyo bei yake inashuka kila siku. Swali ni nani anayelitunza, na kwa fungu gani.

Sasa tuje Ashkhara, maana uhakiki usiofika nyumbani ni maneno ya sebuleni. Kuanzia Juni hadi Septemba pwani hii hupigwa na kusi, upepo uleule uliokuwa ukirudisha majahazi kutoka Zanzibar. Kusi husukuma maji ya juu ya bahari mbali na ufuo, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana wakati bara inaungua, Ashkhara ina ubaridi, na watu wa ndani huja hapa kupumzika. Lakini upepo huohuo hubeba chumvi, na nyuma yetu uko mchanga wa Sharqiyah. Bawaba ya chuma cha kawaida hapa ni kitu cha misimu michache. Mchanga ukiingia ndani ya mafuta ya mota, mafuta yanageuka kuwa tupa inayokwangua chuma. Na mara mojamoja huja vimbunga, kama Gonu mwezi Juni 2007 na Phet mwezi Juni 2010, umeme ukakatika na barabara zikakatwa na mabonde yaliyojaa maji.

Kwa hiyo atakayetaka kuweka jengo linaloitika katika pwani hii ana maswali matatu ya kujibu kabla ya kuchora. Umeme ukikatika, kipande kinachojongea kitabaki katika hali gani, na je, hali hiyo ni salama kwa kimbunga? Pili, mashine inajua kusubiri? Ukiiambia ifunge dirisha joto likifika digrii 30, na joto likacheza baina ya 29.9 na 30.1, itafunga na kufungua mpaka mota iungue. Lazima ipewe mipaka miwili, tuseme ifunge kwa 31 na isifungue mpaka 28, na kati ya tendo na tendo ingoje. Mwanafunzi akitengeneza kijumba chake mezani haoni tatizo hili, kwa sababu anakionyesha dakika tano. Tatu, mwenye nyumba anaweza kuikatalia mashine? Nyumba ambayo haimsikilizi mwenyewe inakuwa na mwenyeji mwingine.

Kwa hakika nchi hii ina mfano wake wa chombo kinachoitika, uliodumu karne nyingi, na tunashangaa kwamba wanaohubiri majengo ya kisasa hawautaji. Ni falaj. Maji yanatoka chini ya mlima, yanapita mfereji, yanagawiwa kwa zamu mashambani. Zamu hupimwa kwa athar, ambayo ni kiasi cha nusu saa. Mchana ilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimamishwa kwenye uwanja wenye alama, usiku kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota. Kivuli kikifika kwenye alama, mtu anaondoa kizuizi hapa na kukiweka pale. Kihisi, uamuzi, mwendo: vyote vitatu vipo. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza aflaj tano katika orodha ya urithi wa dunia, miongoni mwao Falaj Daris ya Nizwa na Falaj Al-Jeela ya upande wetu wa Sur, na aflaj zinazofanya kazi Oman zinahesabiwa kuwa kiasi cha 3,000.

Kwa nini falaj imedumu na matundu ya Paris yakakwama? Sababu si kwamba mawe ni bora kuliko mota. Mfereji nao huporomoka, hujaa tope, mafuriko huubeba. Falaj imedumu kwa sababu waliobuni mwendo wa maji walibuni pia utunzaji wake. Ina wakili anayeisimamia, ina arifu anayeangalia zamu, ina mshika fedha. Na katika aflaj nyingi sehemu ya maji yenyewe imetengwa, hupigwa mnada na dalali, na fedha zake hurudi kuutengeneza mfereji. Yaani matengenezo hayaombwi kwa mtu. Yamo ndani ya mchoro. Falaj bila ya wakili wake ni mtaro. Hilo ndilo somo ambalo msanifu wa kisasa hakulichukua alipochukua sura ya mashrabia.

Na sisi wenye asili ya Zanzibar tuna la kusema kwa uchungu zaidi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa katika zama zake ndiyo nyumba ya maajabu ya ufundi: nguzo za chuma, roshani kila upande, na baadaye umeme na lifti ambavyo watu walikwenda kuvitazama. Haikukosa sifa hata siku moja. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya kuitengeneza imeshaanza, upande mkubwa wa jengo pamoja na mnara wa saa ukaporomoka, na watu wawili wakafariki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule ulikuwa wetu sote. Ikiwa jengo lililosimama tuli limeshindwa kupata utunzaji kwa wakati, je, lile linalojongea mara moja kila siku?

Msomaji atauliza: basi mnakataa? Hatukatai. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini si kila kipya ni kidonda. Tunachopendekeza ni mpangilio wa daraja tatu, na kila daraja ipandwe baada ya iliyo chini yake kukamilika.

Daraja ya kwanza ni kihisi bila ya mota. Nyumba nyingi za Ashkhara leo ni masanduku ya saruji yaliyofungwa, viyoyozi vinavuma hata Julai, wakati nje upepo wa bahari una ubaridi kuliko ndani. Watu wamepoteza ile elimu ya mama wa Mji Mkongwe. Weka kipimajoto cha ndani na cha nje, pamoja na kipimo cha unyevu, kadi ndogo ya kompyuta, na taa ya kijani karibu na dirisha. Nje kukiwa bora kuliko ndani, taa inawaka: zima kiyoyozi, fungua. Kipimo cha unyevu ni lazima, kwa sababu hewa ya bahari ikikutana na ukuta uliopozwa na kiyoyozi hutoa majimaji, na baada yake kuvu. Chombo hiki kikifa, dirisha linabaki dirisha. Na kila taa inapowaka, mtoto wa nyumba anajifunza kitu juu ya upepo wa kwao.

Daraja ya pili ni mota pale ambapo mkono haufiki: dirisha la juu la ukumbi wa skuli, tundu la hewa chini ya paa la soko la samaki. Na kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kunyanyuka, hata dirisha la kawaida ni mahali mkono usipofika, na hapo mota ni rehema. Iwe moja, iwe chini ya kivuli, iwe ya chuma kisichoshika kutu, na iwe na mpini wa kuzungusha kwa mkono siku umeme ukikatika.

Daraja ya tatu ni uso mzima unaojongea, kama wa Abu Dhabi. Huo uruhusiwe kwa sharti la falaj: kabla ya mota ya kwanza kununuliwa, litengwe fungu la kudumu la matengenezo, kama yale maji ya mnada, na atajwe wakili wake kwa cheo. Asiyeweza kuonyesha fungu hilo achore kivuli cha kudumu, wala asione haya. Ukumbi wa Jabrin hauna mota hata moja.

Tunawaandikia haya hasa nyinyi mlio nje, kwa sababu wengi wenu mnajenga kwenu, Unguja, Pemba, Mombasa, Sur au Ibra, kwa fedha za miaka ya jasho, na wauzaji wanawaonyesheni mapazia yanayojifunga kwa amri ya simu kutoka Leeds. Mtakapoonyeshwa, ulizeni bei, kisha ulizeni kipuri kinapatikana wapi, fundi wa mtaani anaweza kukitia, na pazia litakuwaje siku simu isiposhika. Baada ya hapo mwulizeni mtakayemwachia funguo: huyo ndiye wakili wa nyumba yenu, na kama hamjamfikiria yeye, bado hamjamaliza kuchora.